Faili la kesi iliyokwisha: lisomwe na yeyote, au na wenye kesi tu?

Mtoto wa Mlimani: Habari zenu ndugu. Leo nimetoka mahakamani, hapa kwetu Uganda, mara ya tatu mwezi huu, mikono mitupu. Mahakama sitaitaja. Marehemu mzee wangu alikuwa na kesi ya shamba la kahawa na jirani. Ilianzia LC2, yaani mahakama ya baraza la wenyeji, mwaka 1993, ikapanda LC3, ikamalizikia kwa hakimu mkuu. Mama anasema tulishinda. Sasa mtoto wa yule jirani amepanda mikaratusi ndani ya mpaka wetu na anatangaza kwamba baba yake ndiye aliyeshinda. Nikaenda kutafuta faili. Karani: "Namba ya kesi?" Sina. "Wewe ni mdai au mdaiwa?" Ni mtoto wake. "Basi kalete karatasi za usimamizi wa mirathi." Jamani, sikuomba shamba, niliomba kusoma! Kesi ilisikilizwa mlango wazi, kijiji kizima kilikuwa ndani. Iweje ikishakuwa karatasi igeuke siri? Msimamo wangu: kesi ikiamuliwa, faili ni la umma. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Mnasemaje?

Wakili Mchanga: Pole kwa mzee. Lakini usiwapotoshe watu. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 imeziweka kumbukumbu za mahakama nje, kifungu cha 2, pamoja na zile za Baraza la Mawaziri. Ukienda na hoja hiyo watakurudisha mlangoni.

Mama Aisha, Arua: Wakili, umesoma nusu ya mstari. Zilizowekwa nje ni kumbukumbu za kesi ambayo bado haijamalizika. Ya mzee wake imemalizika zamani. Na sheria hiyo hiyo inampa ofisa siku 21 za kujibu. Kijana aandike barua, aache kusimama dirishani.

Wakili Mchanga: Nusu ya mstari? Nimekaa chuo kikuu miaka minne, nikaongeza LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, dada. Kila mtu hapa ni wakili siku hizi kwa sababu ana simu. Nitaangalia tena kifungu, lakini heshima kwanza.

Mama Aisha, Arua: Sijakuvunjia heshima. Nimekamilisha mstari.

Binti wa Bombo: Nyote mnaongea kama faili ni mashamba tu. Mimi kesi yangu ilikuwa ya matunzo ya watoto. Ilisikilizwa faragha, kama sheria inavyotaka kesi za watoto zisikilizwe. Miezi miwili baadaye ukurasa wa maelezo yangu ulikuwa WhatsApp, umepigwa picha, kidole gumba cha mtu kinaonekana pembeni. Mle ndani nilisema nilichokula na nisichokula na wanangu. Nimekutana na watu sokoni wakanitazama, nikajua wamesoma. Ibara ya 41 mnayoiimba ina maneno mengine mbele: isipokuwa pale inapoingilia faragha ya mtu mwingine. Someni na hayo.

Mtoto wa Mlimani: Pole sana dada yangu. Hilo liwe na uzio wake, sikatai. Lakini aliyekupiga picha hakupita mlango ulio wazi. Alipita mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma unanenepa pale wa mbele unapofungwa. Mimi dirishani niliambiwa faili "limesahaulika stoo, ila likiwezeshwa litakumbukwa."

Fundi wa Malaba: Kuwezeshwa! Kwangu waliniambia "mafuta ya kutafutia". Mafuta ya nini, faili liko kwenye gari?

Bwana Shamba: Kuna ULII, tovuti ya sheria za Uganda, hukumu ziko bure kwenye intaneti. Na tangu Machi 2022 kuna ECCMIS, mfumo wa mahakama wa kielektroniki, kesi zinafunguliwa kwa kompyuta. Hivi bado tunalalamikia stoo?

Mama Aisha, Arua: ULII mimi naitumia na naishukuru. Lakini nyingi utakazozikuta humo ni za Mahakama Kuu kwenda juu. Shamba la mtu wa kawaida linaamuliwa kwa hakimu na kwa LC. Chairmani wetu wa zamani aliweka kesi zote za kijiji katika madaftari ya shule ya kurasa 96. Alipofariki, mjane wake akayatia kwenye sanduku la bati juu ya dari. Mwaka jana tulipoyashusha, mchwa walikuwa wamekula kuanzia pembe kwenda katikati. Majina ya mashahidi yapo, mipaka haipo. Kompyuta gani itarudisha hiyo?

Fundi wa Malaba: Mimi nitasema ukweli hata mkichukia. Mnapigania faili la nini? Lote ni Kiingereza. Watu wa kijijini wasiojua kusoma watalifanyia nini? Mpe wakili pesa akusomee, maisha yaendelee.

Mtoto wa Mlimani: Mama yangu ndiye "asiyejua kusoma" huyo. Anasoma Lukonzo, anasoma Kiswahili, Biblia kaimaliza mara mbili. Rudi ulifute neno lako.

Mama Aisha, Arua: Fundi, umenichoma hata mimi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Huu ni mwaka wa ngapi? Hukumu moja ya Kiswahili sijaiona kwa macho yangu. Asiyesoma si mama, ni mahakama isiyomwandikia.

Mtu wa Luwero: Sasa hapo naingia. Msituletee Kiswahili mahakamani. Kwetu hii ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. "Toka! Kaa chini! Kitambulisho!" Shangazi yangu mpaka leo akisikia redio ya Kiswahili anazima. Amin alitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, tukajua kilichofuata.

Binti wa Bombo: Ndugu, uchungu wa shangazi nauheshimu. Lakini sisi wa Bombo tunalaumiwa kwa lugha tuliyoongea jikoni na bibi zetu. Lugha haikumpiga mtu, aliyempiga ni mtu. Na waliokuja kumtoa Amin mwaka 1979 walikuja wakiongea hicho hicho Kiswahili.

Mtu wa Luwero: Nao waliporudi kwao tulibaki na nani? Usinifundishe historia ya nyumbani kwangu.

Bwana Shamba: Wekeni Luganda basi, tumalize.

Mama Aisha, Arua: Weka Luganda huko kwenu. Arua utamwandikia nani?

Mtu wa Luwero: Mnaona? Ndiyo maana tulibaki na Kiingereza, angalau hakina mwenyewe.

Fundi wa Malaba: Kina wenyewe. Waliosoma.

Wakili Mchanga: Nimerudi. Kifungu nimekisoma tena na Mama Aisha yuko sahihi, ni kesi ambazo hazijamalizika. Kuhusu lugha: ibara ya 28 inampa mshtakiwa wa jinai mkalimani bila malipo. Lakini huyo ni mkalimani wa kinywa. Karatasi haina mkalimani. Nimeona watu wanasafiri na hukumu mfukoni mwezi mzima wakidhani ni wito wa kukamatwa.

Karani Mstaafu: Wanangu, nimewasoma kutoka juu. Nilifanya kazi hiyo mnayoitukana. Hakimu anaandika kwa mkono, mwingine mwandiko wake tulikuwa wawili tu tulioweza kuusoma. Mtu anataka nakala iliyochapwa na kupigwa muhuri apeleke rufaa, mashine ni moja. Siwatetei waliokula, wapo, nawajua. Lakini Mtoto wa Mlimani, sikiliza, maana wenzako wamekuacha njiani. Mwaka 1993 hakukuwa na LC. Zilikuwa RC, mabaraza yaliyotangulia hizo LC, chini ya sheria ya 1988. Kesi ikitoka RC3 kwa hakimu mkuu haiingii kama kesi mpya, inaingia kama rufaa. Nilipokuwa kazini mimi, rufaa zilikuwa na rejista yake. Ulitafutiwa kitabu gani?

Mtoto wa Mlimani: Shikamoo mzee. Cha madai, kile kikubwa chenye mgongo wa kitambaa chekundu. Miaka 1993 na 1994, jina halimo.

Karani Mstaafu: Marahaba. Humo huwezi kulikuta. Omba rejista ya rufaa, anza 1994 uende mpaka 1996, maana zilichelewa. Tafuta majina yote mawili, la baba na la jirani, na ujaribu tahajia mbovu. Ukiona mstari, andika namba tu. Namba ndiyo ufunguo, mirathi waachie wanaogawana mali. Na barua ya Mama Aisha iandike, wapige muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Malipo yoyote yawe ya benki kwa namba ya URA, mamlaka ya mapato, usimpe mtu mkononi.

Mtu wa Luwero: Mzee, na wewe unaonaje, Kiswahili au Kiingereza?

Karani Mstaafu: Mwandiko usomeke kwanza.

Mtoto wa Mlimani: Ndugu zangu, nimerudi leo. Nimeupata mstari. 1995, rufaa, jina la baba limekosewa herufi mbili. Faili lenyewe wameniambia wiki ijayo, nimelipa benki. Lakini mwisho wa mstari kuna neno moja la Kiingereza. Kijana pale dirishani akanitafsiria: "imetupwa". Nimempigia mama simu nikamwambia kesi ilitupwa. Amekaa kimya, halafu akasema, "Kumbe baba yako alinidanganya." Sijui nimwambie nini.

Binti wa Bombo: Ee Mola. Mpe pole mama.

Karani Mstaafu: Ngoja. Jina la kwanza kwenye mstari ni la nani?

Mtoto wa Mlimani: La jirani. Halafu la mzee.

Karani Mstaafu: Wa kwanza ndiye aliyekata rufaa. Jirani alishindwa RC3, akapanda kwa hakimu, akatupwa. Baba yako hakudanganya mtu. Mpigie mama sasa hivi, kabla hajalala.