PS2 yangu lenzi imekufa, naweza kutoa BIOS yake nikatumia kwenye laptopu?

MzeeWaPadi: Wakuu habari za usiku. Nina PS2 ile nene, SCPH-50004, niliichukua kwa braza alipofunga kibanda chake cha gemu, lenzi imekufa haisomi kitu ila ukiiwasha inafika kwenye menyu vizuri tu. Sasa nimeweka PCSX2 (emuleta, yaani programu ya kuchezea gemu za PS2 kwenye kompyuta) kwenye laptopu inagoma, inadai BIOS, ile programu ya ndani ya PS2 inayoiwasha. Jamaa mmoja kanirushia linki ya kudownload nikajiuliza mashine ninayo ndani halafu nikaokote faili la mtu mtandaoni lije na virusi? Inatolewaje, na hiyo lenzi si itanikwamisha?

fundi_soda: Lenzi haihusiki kabisa mkuu. Tafuta memori kadi yenye Free McBoot, ni programu inayofanya PS2 iwake kupitia kadi bila sidii. Kisha chukua programu inaitwa biosdrain kazi yake kutoa BIOS, iweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, ifungulie kwenye uLaunchELF (programu ya kufungulia mafaili kwenye PS2) halafu tulia, USB ya PS2 ni 1.1 mwendo wa kobe, usichomoe. Utakuta mafaili kadhaa, la rom0 ndo BIOS yenyewe, MB 4, ila beba yote utie kwenye folda ya bios ya PCSX2. Wenye slim za mwisho, zile SCPH-90000 zenye BIOS 2.30, hiyo kadi haipigi kazi, msije mkanitukana hapa.

Wakili wa Kijiweni: Umefanya la maana kutumia ya kwako. Watu wanadhani emuleta ndo kosa, wapi, Sony waliwashtaki kampuni ya Connectix kule Marekani kwa emuleta ya PS1 na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasimama na Connectix. Chenye hakimiliki ni BIOS, ndo maana PCSX2 wanakuachia ujitafutie. Kwa PS3 ni mteremko, Sony wenyewe wameweka faili la mfumo wake, PS3UPDAT.PUP, kwenye tovuti yao, unalishusha unaipa RPCS3, emuleta ya PS3, basi.

dogo_janja_k: mbona mnajitesa, PPSSPP kwenye simu haiombi BIOS yoyote

fundi_soda: Hiyo ni emuleta ya PSP dogo, ile gemu ya mkononi ya Sony. PPSSPP waliandika wenyewe zile kazi za mfumo wa PSP, PCSX2 inataka BIOS ya kweli.

MzeeWaPadi: Wakuu imekubali!! Kadi nimeipata kwa fundi mmoja, flashi ya kwanza PS2 ikajifanya haiioni kumbe ilikuwa exFAT, nikaifomati upya ikatii. Ule mlio wa kuwaka ulivyotoka kwenye laptopu mpaka wife kauliza nacheka nini. Sasa kigingi kingine, sidii orijino ninazo tatu (za kibandani zote zilikuwa kopi, tusidanganyane) na laptopu haina pa kuingiza DVD. Mwenye draivu ya nje ya USB maeneo ya Temeke aniazime siku moja tu, soda juu yangu.