Naogopa kuingia duka la vipodozi Mwanjelwa, nianzie wapi?

Mgeni wa Uyole ameuliza:

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mwanaume, naishi Uyole, napenda kuvaa kike nikiwa peke yangu chumbani. Nguo ninazo. Mekapu sina hata moja, maana kila nikifika kwenye mlango wa duka la vipodozi pale Mwanjelwa miguu inagoma. Sijui niseme nini nikiulizwa, na vitu vyenyewe sivijui majina. Nina elfu arobaini. Naomba kujua: ninunue nini kwanza, nimwambie nini muuzaji, na ndevu nizifiche vipi, kwa sababu hata nikinyoa kidevu kinabaki na weusi. Ngozi yangu ni maji ya kunde. Karibuni wenye uzoefu.

Fundi Brashi amejibu:

Karibu sana kaka. Nianze na aibu, maana hiyo ndiyo inayokurudisha Uyole mikono mitupu.

Mwanaume kuingia duka la vipodozi Mbeya ni jambo la kila siku. Kuna anayemnunulia mke, kuna anayetumwa vitu vya sendofu ya dada yake. Aibu inakukamata kwenye swali moja tu, pale muuzaji anapouliza, "Huyo mtu rangi yake ikoje?" Wengi hubabaika hapo. Jibu lako liwe hili: "Rangi kama yangu hivi." Umesema kweli, na muuzaji ataanza kukutazama wewe akichagua chupa, ndicho hasa unachohitaji. Usitunge mchumba wala dada. Ukitunga utaulizwa ana ngozi ya mafuta au kavu, anapenda poda ya aina gani, na uongo utaanza kukushinda ukiwa umesimama kaunta.

Orodha iandike kwenye karatasi. Karatasi unampa mtu mkononi bila kusema neno, na simu yako haikai wazi meza ya duka na meseji zinaingia. Andika hivi: fondesheni ya maji (ya kusawazisha rangi ya uso), konsila ya rangi ya chungwa (ya kuficha weusi wa ndevu), poda ya uso iliyoshindiliwa, wanja wa penseli mweusi, lipstiki moja, sponji moja ya mekapu. Basi. Kope bandia acha kwa sasa, gundi yake inahitaji mkono uliozoea na inawasha macho ya wengi. Lile boksi la aishedo (rangi za juu ya macho) rangi ishirini nalo liache, utatumia mbili na nyingine zitakauka. Kwenye elfu arobaini yako, karibu nusu iende kwenye fondesheni na konsila. Hivyo viwili ukikosea, hakuna poda wala wanja utakaoficha kosa. Lipstiki na wanja chukua za bei ya kawaida.

Usilazimishe kumaliza yote siku moja. Safari ya kwanza nunua pamba, sponji na wanja tu. Ni vitu vya dakika mbili, haviulizwi rangi, na utatoka umeshajua duka limepangwaje na nani anauza. Safari ya pili ndiyo ya fondesheni. Nenda Jumanne au Jumatano, saa nne au saa tano asubuhi. Jumamosi na mwisho wa mwezi maduka yanajaa, muuzaji anahudumia watu watano kwa mpigo na kila mmoja anasikia cha mwenzake. Na duka la hapo Uyole jirani na kwako liruke. Mwanjelwa au Sokomatola kunakufaa zaidi, hakuna anayekumbuka sura.

Sasa rangi, hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mgongo wa mkono unadanganya kwa sababu umechomwa na jua kuliko uso. Kiganja ndiyo kabisa. Sehemu ya kweli ni pembeni ya shingo, chini ya sikio, pale taya linapoishia. Omba matone mawili ya rangi zinazofuatana, yapake mistari miwili midogo, kisha toka nje ya duka. Taa za ndani ni nyeupe mno, zinafanya kila fondesheni ionekane sawa. Nje subiri dakika kumi, kwa sababu fondesheni nyingi hukoza kidogo zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi. Mstari unaopotea ndio wako. Unaoonekana kama chaki au wenye uwaridi, uache. Maji ya kunde wengi hukubaliana na rangi yenye unjano kwa chini. Ukiona haya kujipaka shingoni mbele ya watu, omba muuzaji akupakie kidogo kwenye kipande cha pamba, utoke nacho ukajaribu kwenye kioo cha pikipiki au bajaji. Hawakatai hilo kwa mteja anayenunua.

Lipstiki ya kujaribia usiiguse mdomoni hata kidogo. Imepita midomo mingi, na vidonda vya homa vinaambukizwa hivyo hivyo. Ijaribu kwenye ncha ya kidole, nyama ya ncha ya kidole ina wekundu unaokaribiana na wa mdomo.

Kabla hujalipa, geuza chupa. Tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi na kale kapicha ka kopo lililofunguliwa lenye maandishi kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu unapofungua. Kama kizibo hakina utepe au karatasi ya kuziba, huenda kuna mtu ameshafungua. Na ukitajiwa krimu ya "kung'arisha ili mekapu ikae vizuri", kataa kwa upole. Huo ni mkorogo. Zenye zebaki au haidrokinoni zimepigwa marufuku nchini, zinaharibu ngozi, na zebaki inaharibu figo. Shirika la Viwango (TBS) ndilo linalosimamia vipodozi tangu 2019, kwa hiyo pendelea bidhaa yenye lebo inayosomeka na jina la mtengenezaji.

Dada wa Gangilonga amejibu:

Kamwene kaka. Fundi amemaliza habari za dukani, mimi nichukue kidevu.

Ule weusi ni mashina ya ndevu yaliyobaki chini ya ngozi. Yanaonekana kwa nje kama bluu iliyochanganyika na kijivu. Ukipaka fondesheni ya kahawia moja kwa moja juu yake, unapata rangi ya majivu, ndiyo ile watu husema "amepauka". Kuongeza fondesheni hakusaidii, kunazidisha unene na majivu yanabaki. Chungwa ndiyo inayozima bluu. Maji ya kunde chukua chungwa lililoiva. Mwenye ngozi nyeusi zaidi achukue nyekundu ya tofali, na mweupe achukue rangi ya pichi.

Namna ya kufanya: chemsha maji, usinyoe na ya bomba, maana maji ya baridi ya kwetu huku hayalainishi nywele. Bandika kitambaa cha moto dakika tatu. Wembe mpya, nyoa kufuata nywele zinakolala. Ukinyoa kinyume kidevu kitakuwa laini leo, na keshokutwa nywele zinajikunja na kuingia ndani, unapata vipele, na vipele havifichiki kwa mekapu. Kisha pumzisha ngozi nusu saa. Aftashevu ya spiriti acha siku hiyo.

Paka losheni nyepesi, subiri dakika kumi. Halafu chukua konsila ya chungwa kiasi cha punje moja ya mahindi. Hiyo inatosha kidevu, taya zote mbili na juu ya mdomo. Igonge kwa ncha ya kidole cha pete, gonga, gonga, usiburute. Ukiburuta unaiondoa hapo ulipoiweka. Ukiangalia kwenye kioo utaona kidevu kama kimepakwa vumbi la tofali. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Kandamiza poda kidogo juu yake ili isiteleze, ngoja dakika mbili.

Sponji ilowe maji kabisa, kisha ikamue kwenye taulo mpaka isidondoshe hata tone. Sponji kavu inakunywa fondesheni yako ya bei. Paka safu nyembamba ya kwanza kwa kugonga, subiri, kisha ya pili kidevuni pekee. Nenda karibu na dirisha ukakague. Ukiona uchungwa unachungulia, konsila ilizidi, ongeza fondesheni kidogo yenye unjano. Ukiona ukijivu, konsila ilipungua, na hapo inabidi ufute kidevu uanze upya, ukiongeza juu ya fondesheni unapata tope.

Mpaka wa kupaka ushushe mpaka shingoni. Wengi huishia kwenye taya na uso unakaa kama kinyago.

Mtu wa Makambako amejibu:

Kama duka limekushinda kabisa, kuna kuagiza mtandaoni kutoka Dar na mzigo ukaja kwa basi. Unaandikisha jina na namba ya simu, unauchukua ofisi ya basi. Mwambie muuzaji afunge kwenye boksi la kawaida na asiandike kilichomo kwa nje. Vitu visivyohitaji kupimwa rangi, kama brashi, sponji, wanja na lipstiki, agiza bila wasiwasi.

Fondesheni siungi mkono kuagiza kwa picha. Kioo cha simu hakionyeshi rangi halisi, na dukani ungejua kosa kwa dakika kumi.

Jambo jingine zito zaidi. Ukianza kuuliza mitandaoni, watatokea watu wa kukuomba namba, picha, au mkutane "wakusaidie kuchagua". Kataa. Usitume picha yenye sura yako, chumba chako wala nguo inayojulikana kuwa yako. Kuna wanaotafuta picha hizo ili wadai pesa baadaye. Aliyetaka kukusaidia kwa moyo anakuandikia hapa hapa, kama hawa walioko juu.

Mgeni wa Uyole ameandika:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeandika karatasi tayari. Maswali mawili. Konsila ya chungwa nikiikosa, nimesikia lipstiki nyekundu inaweza kufanya kazi hiyo, ni kweli? Na huu upepo wa Juni na Julai ngozi yangu inakauka mpaka inatoa magamba, huwa napaka mafuta ya mgando. Yanafaa chini ya fondesheni?

Dada wa Gangilonga amejibu:

Lipstiki inaweza, kwa sharti iwe ya mati, isiyong'aa, na iwe nyekundu yenye uchungwa. Nyekundu yenye uzambarau inazidisha weusi. Weka nusu ya kile kiasi nilichotaja, maana rangi yake ni kali na inatoboa fondesheni. Kwa ngozi yako chagua inayokaribia chungwa. Hiyo hiyo unaweza kupaka na mdomoni, umeokoa fedha.

Mafuta ya mgando usiku ni mazuri. Chini ya fondesheni hapana. Hayanyonywi na ngozi, yanakaa juu, na kila kitu utakachopaka kitateleza na kujikusanya kwenye mikunjo ya pua. Siku ya mekapu tumia losheni yenye gliserini, paka uso ukiwa bado na unyevunyevu wa maji. Magamba yaondoe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, taratibu. Kwa hali hiyo poda iguse kidevu, paji na pua tu. Mashavu yaache bila poda, la sivyo yatapasuka kama ardhi ya Usangu wakati wa kiangazi. Na asubuhi za baridi konsila na lipstiki huwa ngumu kama mshumaa. Zishike kwenye kiganja dakika mbili kabla ya kutumia.

Fundi Brashi amejibu:

Nyongeza kuhusu kujaribu na kutoa. Kila kitu kipya kipake kidogo nyuma ya sikio, ukae nacho saa 24 kabla hujakipeleka usoni. Ukiona wekundu au kuwashwa, usikitumie. Wanja wa unga usio na lebo uache, baadhi huwa na madini ya risasi. Wa penseli wenye jina la mtengenezaji unatosha.

Kutoa, sabuni peke yake haifui mekapu. Chukua mafuta ya nazi kijiko kimoja cha chai, sugua usoni kwa vidole dakika moja mpaka rangi iyeyuke, futa kwa pamba, kisha ndio unawe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Tumia kitambaa cheusi, taulo nyeupe itabaki na ramani. Sponji ioshe siku hiyo hiyo na uianike penye hewa. Ukiifungia kwenye mfuko ikiwa mbichi itaota ukungu.

Panapobaki alama ni pawili, kwenye mizizi ya kope za chini na kwenye mstari wa nywele karibu na masikio. Kama kuna mtu wa kuonana naye baadaye, chovya kijiti cha pamba kwenye mafuta, pitisha kwenye kope huku unatazama juu, halafu simama dirishani na kioo ukague upande mmoja mmoja.