Ule ukumbi umetuzimia taa mama akimtaja baba wa mtoto, halafu fundi wao anasema "endeleeni tu"

Pazia Limekwama (mleta mada)

Wakuu, leo sina salamu.

Ule ukumbi. Siutaji na hakuna haja ya kuutaja. Mapazia ya dhahabu, geti linalofunguliwa nusu, maegesho unalipia ukiingia na unalipia ukitoka. Kila aliyewahi kupandisha tamthilia Dar kashapigwa pale angalau mara moja, na aliyesema hajapigwa hajapewa risiti.

Jana usiku. Onyesho la mwisho, kipande cha mwisho, ukurasa wa mwisho. Mchezo mzima mtoto anauliza baba yangu nani, na mama hasemi. Watazamaji wameshaanza kumchukia mama. Sasa mama kasimama mbele, taa zote juu, ukumbi hata anayekohoa hayupo. Anavuta pumzi. "Baba yako ni..."

Puuu. Giza.

Na ndani ya giza hilo, kutoka kwenye meza ya mitambo, ikaja sauti ya fundi wao, bila haraka, bila aibu, bila hata kusimama: "Endeleeni tu, tunawasikia."

ENDELEENI TU. TUNAWASIKIA.

Mnajua kilichozima? Chipsi. Jikoni kwao wana karai la umeme la matundu mawili, kilowati mbili na nusu kila tundu. Soketi ya jikoni iliungua tangu enzi za Nuhu, kwa hiyo limechomekwa laini ya jukwaani kwa ekstensheni inayopita chini ya zulia. Taa zetu ni pa sita, zile taa za jukwaani za umbo la kopo, za wati 1000 kila moja. Vipande vyote vya mwanzo tunawasha mbili mbili, kwa hiyo hakuna aliyehisi kitu. Kipande cha mwisho zinapanda zote sita, na dakika chache baadaye mtu kaagiza sahani mbili za chipsi kuku.

Fundi kapandisha breka bila kuchomoa karai. Ikakata. Kapandisha tena. Ikakata. Mara ya tatu taa zimewaka, mama wa watu bado kanyoosha mkono na mdomo uko wazi, watu wa mbele wanamrekodi kwa simu wanacheka, wa nyuma wako kwenye bodaboda.

Halafu bili. Wameandika "muda wa ziada, nusu saa". Yaani giza tumelikodi.

Tunawasikia!!! Mnasikia nini?

---

Kiti cha Nyuma

Nimeweka kambi hapa. Swali moja tu mkuu: baba ni nani?

---

Mchele wa Kyela

Hata mimi nimekuja kwa hilo. Baba ni nani?

---

Feizi Tatu

Pole mkuu, ila hesabu hii ilikuwa inafanyika kwenye kiganja. Taa 6,000 wati, karai 5,000. Jumla 11,000. Gawanya kwa volti 230 unapata kama ampea 48. Laini ya jukwaani pengine ina breka ya ampea 32. Na breka ikizidiwa mara moja na nusu haikati pale pale. Inavumilia, inapata joto ndani, dakika zinapita, halafu inakata. Ndiyo maana ilisubiri mama afungue mdomo. Ingekuwa shoti ingekata papo hapo na msingesubiri mpaka mwisho.

Na yule anayepandisha breka bila kuondoa mzigo hana haki ya kuitwa fundi. Breka bado ya moto, mzigo uleule, lazima ikate haraka kuliko mwanzo. Unachomoa kwanza, unasubiri ipoe kidogo, unashusha taa zote, unapandisha breka, ndipo unaanza kupandisha taa moja moja.

Mtu akikodi ukumbi, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi, aombe afunguliwe boksi la breka. Akute limeandikwa breka ipi inalisha nini. Kama halijaandikwa, zimisheni moja moja mkaone kinachozima. Ukumbi ukiwa na feizi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazoingiza umeme, taa zipewe yake, sauti yake, jikoni na viyoyozi yake. Ukichanganya sauti na dima, kile kifaa cha kushusha na kupandisha mwanga, kwenye laini moja utasikia spika zinanguruma kila taa zikishuka nusu. Kisha siku ya mazoezi ya mwisho washeni taa ZOTE mpaka juu, jikoni wakiwa kazini, muache nusu saa. Gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto, msifungue milango usiku.

---

Pazia Limekwama

Mkuu Feizi Tatu nakuheshimu, lakini naona watu mnaleta ampea. Hoja yangu si ampea. Hoja ni ENDELEENI TU. Mwigizaji aendelee wapi? Aende na mkongojo? Jukwaa lao lina shimo upande wa kushoto wamelifunika kwa ubao wa meza!

---

Mchawi wa Tandale

Huo mchezo ulikuwa mbovu, TANESCO wa ndani kawasitiri. Muda wote huo kumficha baba mmoja? Huku kwetu jirani angeshamtaja kipande cha kwanza.

---

Kiti cha Nyuma

😂😂😂 ila mleta mada bado hajajibu. Baba ni nani?

---

Dada Ukumbi

Mnaanza na taa wakati balaa la zile kumbi ni viti. Zimejengwa kwa harusi zote. Sakafu bapa, jukwaa urefu wa magoti, na mbele wanapanga masofa ya VIP yenye meza za maji na maua ya plastiki. Sofa moja linakula nafasi ya viti vitatu. Aliyekaa safu ya tano anaona visogo na mdoli wa keki. Mwigizaji akikaa chini, au akifa, watu wa nyuma wanafikiri katoka.

Dawa ipo na haina gharama. Masofa yapelekwe pembeni kulia na kushoto. Safu zipangwe kwa kupishana, kiti cha nyuma kitazame katikati ya viti viwili vya mbele. Jukwaa lipandishwe lifike kama mita moja kwa kukodi majukwaa ya vyuma. Na muongozaji asiweke kifo sakafuni, amuue mtu akiwa kwenye kiti. Ila waambie waondoe masofa uone, watakuambia VIP ndiyo anayenunua bia.

---

Mzee wa Magomeni

Vijana mnalia sana. Miaka ya 1990 vikundi vya Muungano na TOT vya sanaa vilikuwa wanapiga kwenye baa na kumbi za wazi mji huu, usiku mmoja unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarab mwisho. Hakuna cha dima. Watu wanajaa wanatunza. Igizo linaingia katikati, likichosha wanalikata wanaleta nyimbo. Mtazamaji haondoki kwa sababu ya taa, anaondoka kwa sababu hana hamu na mnachosema.

---

Pazia Limekwama

Mzee shikamoo. Lakini hao wangekatwa taa mama akisema "baba yako ni" nadhani na wao wangerusha kigoda.

---

Mzee wa Magomeni

Marahaba. Wangeimba. Mama angeimba jina la baba kwenye giza, na ungekumbukwa mchezo huo mpaka leo. Ninyi mlisimama mdomo wazi.

---

Mchele wa Kyela

Hapo mzee kamaliza. Mods fungeni uzi.

---

Solo Gita

Bora nyie mnakodi ukumbi. Sisi wa bendi tunapewa kona karibu na choo na soketi moja ya pini tatu. Soketi moja! Ampea 13, yaani kama kilowati tatu, tuchomeke mikisa, ampu mbili, kinanda na feni ya mpiga dramu. Halafu meneja wa baa anakuja kila wimbo: "punguzeni kidogo, kuna wageni wanaongea." Wageni hao wanaongea kwa kelele kwa sababu kuta zote ni vigae, dari ya jasi, mbele kioo, sauti inagonga inarudi. Ukipunguza, wanaongea zaidi. Ukipandisha, maiki inapiga filimbi kwa sababu spika kubwa wamezitundika NYUMA ya mwimbaji. Maiki inasikia spika, spika inarudisha kwa maiki, wanazunguka wenyewe mpaka masikio yatoboke. Spika zikae mbele ya mstari wa maiki, monita, ile spika ya mwimbaji kujisikia, imtazame kwa kule maiki isikosikia. Unamwelekeza mwenye baa anasema "mafundi wote wameziacha hapo".

---

Baba Trei

Solo Gita, bandikeni trei za mayai ukutani. Mwangwi wote kwisha.

---

Feizi Tatu

Trei za mayai zinapunguza kidogo sana sauti nyembamba za juu, besi inapita kama hakuna kitu. Na ni karatasi kavu, zikishika moto karibu na taa za wati 1000 hamtoki. Ukuta wa vigae unataka pazia zito, upana mara mbili ya ukuta ili likunjike, liachane na ukuta kama sentimita kumi au kumi na tano. Hayo mapazia ya dhahabu ya hariri bandia ni urembo tu, sauti haiyajui.

---

Baba Trei

Studio zote za Kinondoni zina trei.

---

Feizi Tatu

Ndiyo maana nyimbo zote za Kinondoni zina besi ya ndoo.

---

Solo Gita

😂😂😂

---

Msanii wa Githurai

Majirani, kujeni Nairobi muone shida kubwa. Phoenix Players walifunga 2017 baada ya kuhangaika na kodi, hao walikuwa na jukwaa la kudumu katikati ya mji. Tumebaki tunapanga foleni ya Kenya National Theatre, jengo la 1952, lilikarabatiwa likafunguliwa tena 2015. Tarehe nzuri zikienda zimeenda. Nyie angalau mna chipsi.

---

Mchawi wa Tandale

Mkenya kaja kutuzidi hata kwa kufeli.

---

Dada Ukumbi

Mkenya ana point lakini. Dar hii jukwaa la kudumu la tamthilia ya Kiswahili ni lipi? Little Theatre ya Oysterbay wapo tangu 1947, ila kazi nyingi za pale ni za Kiingereza. Ngoma na maigizo ya kujifunzia yako Bagamoyo, chuo kimeanza 1981, na huko ni safari. Mjini tumebaki na kumbi za harusi na bustani za vituo vya utamaduni vya wazungu. Ndiyo maana mwenye ukumbi anakuzimia taa na unarudi mwezi ujao na kishika nafasi mkononi.

---

Pazia Limekwama

Sirudi.

---

Kiti cha Nyuma

Utarudi.

---

Sheria Mkononi

Mpelekeni huyo mwenye ukumbi BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

---

Dada Ukumbi

BASATA wanamshughulikia msanii, sio karai. Hata kibali cha tamthilia kipo kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, wanaokitoa watasoma mswada wako kama una matusi. Breka haimo kwenye mswada. Dawa ni mkataba. Andika: laini ya jukwaa haitachomekwa kitu kingine kuanzia saa ya kufungua milango, jenereta litawashwa ndani ya dakika kadhaa na mafuta ni juu ya nani, muda uliopotea kwa kosa la ukumbi hautozwi. Wakikataa kusaini kipengele cha kwanza, ujue karai lipo.

---

Pazia Limekwama

Hiki cha muda uliopotea nakibeba. Lakini wakuu, naomba tusiache. Mtu yuko gizani, machozi ya kweli yanamtoka, na wewe fundi, unalipwa, unaona, unasema TUNAWASIKIA...

---

Taa za China

Mkuu hizo pa za wati 1000 tupeni. LED ya kawaida ya aina hiyo haivuki wati 200, sita hazifiki hata nusu ya karai la chipsi. Tatizo lingekuwa halipo.

---

Feizi Tatu

Kweli kwa umeme. Ila angalieni msinunue zile za rangi tatu tu, nyekundu kijani bluu. Ukichanganya hizo upate nyeupe, ngozi yetu inageuka zambarau, mwigizaji anaonekana mgonjwa. Chukueni zenye nyeupe ya joto na kaharabu ndani yake. Na za bei ya kutupa zinapepesa kwenye kamera, jicho halioni ila video yote ina mistari. Hapo ndipo watu wanalalamika simu mbovu.

---

Mama Junior 88

Samahani kaka Feizi Tatu, niko nje ya mada kidogo. Nyumbani nikiwasha pasi friji likiwa linawaka, na mtu akiweka birika, breka ya soketi inakata. Fundi wa mtaani kasema aitoe ya 20 aweke ya 40. Nikubali?

---

Feizi Tatu

Dada usikubali kabisa! Breka inalinda waya ulioko ukutani, vyombo vyako haiviangalii. Ukuta wako pengine una waya wa milimita 2.5. Ukiweka ya 40 haitakata, waya utaungua ndani ya ukuta. Tenganisha jikoni lipate laini yake kutoka kwenye boksi. Kwa leo usiwashe birika na pasi pamoja.

---

Mama Junior 88

Asante sana. Na ile soketi inatoa harufu ya plastiki, ni kawaida?

---

Feizi Tatu

Si kawaida. Zima hiyo breka sasa hivi, usichomeke kitu. Pengine skrubu za nyuma zimelegea, waya unaungua pole pole.

---

Baba Trei

Hata kwangu ya jikoni inanuka hivyo hivyo. Mkuu Mbagala unafika?

---

Feizi Tatu

Nafika. Nauli juu yako, na kama kuna trei ukutani uzitoe kabla sijafika.