Anayeanza mekanika (fizikia ya mwendo na kani) akikwama: apewe suluhisho zima au aambiwe "onyesha kwanza ulipofikia"?

MLETA MADA
Wadau, tulijadili hili. Mwanafunzi anakuja na swali la kazi ya nyumbani: boksi linateleza kwenye ubao ulioinama nyuzi 30, kigezo cha msuguano ni 0.2, atafute mchapuko, yaani kasi inaongezeka kiasi gani kila sekunde. Jibu analopewa karibu kila anapouliza: "Onyesha kwanza ulipofikia." Sharti hilo linamfaa aliyekwama katikati. Asiyejua hata ni kani zipi zinazoligusa boksi ataonyesha nini, karatasi tupu?

Mimi nasema apewe hatua zote. Chora boksi. Uzito unalivuta chini wima, ubao unalisukuma kwa pembe mraba na uso wake, msuguano unalizuia kwa kuelekea juu ya mteremko. Uzito ni mg: m ni kilo za boksi, g ni 9.8, mchapuko wa kitu kinachoanguka. Ugawe pande mbili: mg sin 30° unafuata mteremko, mg cos 30° unaukandamiza ubao. Msuguano ni 0.2 mara mg cos 30°. Kanuni ya pili ya Newton inasema jumla ya kani ni m mara mchapuko a, basi ma = mg sin 30° − 0.2 mg cos 30°. Ile m inajifuta, inabaki a = 9.8 × (0.5 − 0.173), takriban mita 3.2 kwa sekunde mraba. Akishaona kwamba boksi la kilo 2 na la kilo 200 yanateleza sawasawa, amepata kitu ambacho "kumbuka kanuni ya pili ya Newton" isingempa hata ukiirudia mara kumi.

Na kuna ushahidi. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walionyesha, kwa maswali ya aljebra, kwamba wanaoanza wakisoma mifano iliyokwisha kufanywa, maswali yanayofanana nayo huyafanya haraka kuliko walioachwa wahangaike wenyewe.

MCHANGIAJI WA 1 (mwalimu)
Mkuu, hao walipewa mfano, kisha wakapewa swali jingine wafanye wenyewe. Mwanafunzi wako hakuomba mfano. Ameomba swali lile lile lenye alama zake. Ukimfanyia, hilo "jingine" halipo tena: ananakili, anakusanya, anaondoka.

Nasahihisha madaftari, nayaona matokeo yake. Mtu ana suluhisho safi la mteremko, halafu muulize mpira uliorushwa juu una mchapuko gani pale kileleni. "Sifuri, maana umesimama." Ungekuwa sifuri kweli, mpira ungebaki huko huko juu! Ni 9.8 kuelekea chini, kileleni kama kwingineko kote njiani. Kasi ndiyo iliyofika sifuri, tena kwa nukta tu.

Mimi humfanyia swali jirani. Boksi lile lile, ila sasa linavutwa kwa kamba kupanda mteremko. Msuguano unageuka upande, kwa hiyo akirudi kwenye swali lake hawezi kunakili mstari hata mmoja bila kufikiri.

MCHANGIAJI WA 2 (mwaka wa kwanza)
Mwalimu, kwa heshima, hilo swali ni jirani kwako wewe unayejua tayari. Mimi nikiona mteremko na nikiona kapi, naona mada mbili tofauti. Sijui hata ni lipi linafanana na lipi.

MCHANGIAJI WA 3
Huyo wa mwaka wa kwanza asidharauliwe, amesema jambo lililopimwa. Mwaka 1981 Michelene Chi na wenzake waliwapa watu maswali ya fizikia wayapange kwa makundi. Wanaoanza waliweka miteremko na miteremko, springi na springi. Wataalamu walipanga kwa kanuni: haya ya hifadhi ya nishati, haya ya kanuni ya pili.

Mwaka 1989 Chi huyo huyo, na kundi jingine, alichunguza wanafunzi wakisoma mifano ya mekanika iliyofanywa hadi mwisho. Waliokuja kufanya vizuri ni wale waliosimama kwenye mistari na kujieleza: hii imetoka wapi, kwa nini hapa. Kwa hiyo mimi ningempa suluhisho zima, ila nimbane kwenye mstari mmoja. Kwa nini sin ndiyo inayofuata mteremko, si cos? Ulaze ubao, pembe iwe 0. Sin 0 ni 0, boksi halina sababu ya kuteleza. Akijibu hivyo mwenyewe, sina wasiwasi naye.

MLETA MADA
Hilo la kumbana nalikubali. La swali jirani bado lina walakini, maana linadai mjibu mwenye muda na uvumilivu, na wa namna hiyo ni wachache. Halafu tusijidanganye: programu za simu zinatoa suluhisho zima kwa sekunde chache. Ukimkatalia hujamzuia. Umemnyima tu mtu wa kumuuliza "kwa nini". Mwalimu, kama shida ni alama, si uziondoe kwenye kazi ya nyumbani?

MCHANGIAJI WA 1 (mwalimu)
Nilishaziondoa. Kunakili kuliisha, na wengi wakaacha kuifanya kazi yenyewe. Nikazirudisha. Mwenye dawa ya hilo aiweke hapa.