Presha imeanza kwa bibi, ikaja kwa mama, sasa iko kwangu. Ushauri wenu tafadhali

BintiChumbageni:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Niko Tanga mjini, nina miaka 36 na watoto wawili. Mama alianguka jikoni mwaka jana, kiharusi, akakaa siku tisa akatutoka. Mjomba yuko Pangani, amelala upande mmoja. Bibi tuliambiwa tu alikufa ghafla.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shoga yangu kliniki, nikasema hebu nami nipimwe. 154 kwa 98. Baada ya wiki nikarudi: 150 kwa 96. Kichwa hakiumi, moyo hauendi mbio, nafanya kazi zangu kama kawaida. Nilipoeleza habari za ukoo, aliyenipima akanijibu, "Hiyo ni ya damu dada, meza dawa tu." Neno hilo limenikaa kifuani. Kama ni ya damu, nikiacha chumvi itanisaidia nini? Mdogo wangu wa kiume, miaka 28, hataki hata kusikia kupimwa, anasema kilichoandikwa kimeandikwa. Na kuna mtu ananiuzia kipimo cha vinasaba, eti kitaonyesha kama watoto wangu wataipata. Bei yake ni ada ya muhula mzima. Nilipe?

MzeeRaskazone:
Marahaba binti, na pole sana kwa mama. Mimi nina miaka 61, baba yangu alikuwa nayo na kaka zangu wawili wanayo. Langu ni moja: ukianza dawa usiache kwa sababu unajisikia mzima. Niliwahi kuacha miezi mitatu, sikuumwa popote. Mpaka leo jicho la kushoto lina ukungu.

TabibuWaZamu:
Dada, ngoja nikujibu kwa urefu, maana ulichoambiwa ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu nimeona inavyowavunja watu moyo.

Presha inarithiwa, ni kweli. Ukitazama kwa nini watu wanatofautiana presha, kama theluthi mpaka nusu ya tofauti hiyo inatokana na kurithi. Lakini hakuna jeni moja ya presha. Zimeshapatikana sehemu zaidi ya elfu moja kwenye vinasaba zinazohusika, na karibu kila moja inasogeza kipimo kidogo mno, chini ya namba moja. Nyingine zinagusa mishipa, nyingine figo, namna zinavyoishika au kuiachia chumvi. Yapo magonjwa adimu ya jeni moja, mfano ule alioueleza daktari Liddle mwaka 1963, figo zinang'ang'ania chumvi na presha inapanda tangu ujanani. Ndiyo maana kijana wa chini ya miaka 30 akikutwa na presha kali tunamchimba zaidi. Mdogo wako umri wake ni huo huo, kwa hiyo apimwe.

Sasa sikia habari ya Wajaluo. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Haikupita miezi mingi presha za waliohama zikawa juu. Ukoo ule ule, damu ile ile! Chumvi waliyokula iliongezeka, potasiamu, madini yaliyomo kwenye matunda na mboga, ikapungua, uzito ukapanda. Utafiti mwingine wa 1997 uliwapima watu wenye asili ya Afrika Magharibi: waliobaki Afrika Magharibi wenye presha walikuwa asilimia 16, wa visiwa vya Karibi 26, wa karibu na Chicago, Marekani, 33. Nikimsikia mtu anasema "weusi ndivyo tulivyoumbwa" huwa nakumbuka namba hizo.

Kipimo usilipe. Hesabu za vipimo hivyo zimejengwa zaidi kwa vinasaba vya watu wenye asili ya Ulaya, kwetu vinabahatisha zaidi. Na hata kikisema mtoto ana hatari, utafanya yale yale. Hela hiyo nunua mashine ya presha ya kuvalisha mkono wa juu, muitumie nyumba nzima. Baki ipime kreatinini (kipimo cha damu cha kuona figo zinavyofanya kazi), protini kwenye mkojo na sukari. Na dawa uandikiwe na daktari. Mwambie kama bado unataka mtoto, kwa sababu dawa za presha kama losartan na captopril hazifai kwa mjamzito.

MamaNtilieMakorora:
Wifi yangu, mimi nauza bada, ugali wa muhogo, na ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwa hiyo naongea ninachokijua. Ng'onda nalaza usiku kucha kwenye maji, asubuhi namwaga, naweka mengine, saa mbili hivi namwaga tena. Maji ya kwanza ukiyaonja ni bahari tupu. Mama yangu alikuwa akisuuza mara moja tu, kisha anaongeza chumvi kwenye mchuzi, na juu yake kile kidonge cha mchuzi, ambacho nacho ni chumvi. Kiwango cha siku nzima ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Mkipika watu sita, pimeni mjionee.

BintiChumbageni:
Nimesoma yote mara mbili, na nimelia kidogo kwenye habari ya ng'onda, maana hata mama alikuwa anasuuza mara moja. Kipimo cha vinasaba sichukui. Dawa nimeanza juzi baada ya kumuona daktari, amlodipine.

Jana nimeazima mashine kwa jirani. Mdogo wangu alikuja kula, nikamwambia akae dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza, asiongee. Alikaa kwa sababu nilimwambia ni kwa ajili ya mama. 148 kwa 94. Tukarudia, 146 kwa 94. Hakusema kitu, alibaki anautazama ule mkono. Baadaye akauliza kreatinini inapimwa wapi.

Swali kwa Tabibu: mkono wake ni mnene, anabeba mizigo bandarini, na ule mkanda ulimbana ukawa unaachia. Je, namba zile ni za kuaminika, au nitafute mkanda mkubwa kwanza?

TabibuWaZamu:
Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Pima mzunguko wa mkono wake katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Tafuta unaomtosha, arudie asubuhi na jioni kwa siku saba, uandike zote ulete hapa.