Tenda ya kurithi Black Hawk: imekuwaje wa bei ya chini kapigwa chini?

mtoto_wa_ukonga:
Wakuu habarini za jioni. Wanaofuatilia mambo ya ndege vita hebu nisaidieni. Desemba 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilitangaza mshindi wa kutengeneza chopa ya kurithi Black Hawk, kazi wakapewa Bell na ile V-280 Valor yao, Sikorsky na Boeing wakatoka kapa. Sasa Sikorsky si ndio wenye Black Hawk yenyewe, tena tenda ile walishinda 1976? Halafu nikaona bei walizokokotoa, Sikorsky dola bilioni 4.4, Bell bilioni 8.1. Yani karibu mara mbili na bado kapewa huyo, hapa kwetu tungeshaanza kuulizana nani kala na nani. Kuna mchezo ulichezwa au mimi ndio sielewi?

fundi_wa_anga:
Mkuu hakuna mchezo. Sikorsky alikata rufaa mwezi huohuo wa 12 kwa GAO, ile ofisi ya bunge lao inayokagua matumizi ya serikali, Aprili 2023 wakaitupa. Jamaa alifeli kigezo cha kiufundi. Jeshi lilitaka kila mshindani aeleze kwa kina mifumo ya ndege imegawanyikaje, kipi kinafanya nini na kinaungana na kipi, ili huko mbele wakitaka redio mpya au kompyuta mpya wachomoe ya zamani wachomeke nyingine hata kama ya kampuni tofauti, sio kila kitu wampigie magoti aliyewauzia ndege. Maelezo ya Sikorsky hapo hayakutosha. Ni kama fundi ujenzi anakuja na bei nusu ya mwenzake ila ramani hana, anakwambia utaiona nyumba ikiisha. Ukishafeli kigezo cha lazima bei yako haikuokoi hata iwe bure.

Mwana_Likoni:
Makaratasi sawa, lakini hata huko angani Bell alikuwa mbele bwana. Valor iliruka mara ya kwanza Desemba 2017 kule Amarillo Texas, Defiant ya Sikorsky na Boeing ikaja kuruka Machi 2019. Ile Defiant ina mapanga seti mbili juu yanazunguka kinyume, nyuma propela ya kusukuma, sasa mapanga lazima yawe magumu mno yasije yakagongana, na kuyatengeneza tu kuliwatoa jasho, giaboksi nayo ikawasumbua kwenye majaribio ya chini. Kwa kutua penye nafasi finyu sikatai ni mashine. Lakini mbio zake ziliishia kama kilomita 457 kwa saa na Valor ilivuka 555, na jeshi linawaza Pasifiki kule visiwa viko mbalimbali.

Chopa ya kawaida ukiikimbiza sana panga linalokwenda mbele linakaribia mwendo wa sauti na linalorudi nyuma linakosa nguvu ya kuinua, ndio maana Black Hawk haifiki huko. Valor ikishapaa inalaza mapanga mbele, mabawa ndio yanabeba uzito, inakwenda kama ndege.

bi_mashaka:
Hiyo Valor si ndugu yake Osprey jamani, ile ndege ya jeshi la Marekani yenye mapanga ya kugeuka? Novemba 2023 moja ilianguka karibu na kisiwa cha Yakushima Japani wakafa watu 8, zikazuiwa kuruka zote miezi 3 sababu ya mambo ya giaboksi. Haya mapanga ya kugeuka mimi siyaamini, 8.1 yote hiyo kununua wasiwasi.

fundi_wa_anga:
Ukoo mmoja kweli. Ila kwenye Osprey injini nzima inainuka na kulala pamoja na mapanga, kwenye V-280 injini imelala palepale muda wote, kinachogeuka ni mapanga na giaboksi yake. Moto wa injini hauelekei ardhini na askari wanatokea milango ya ubavuni. Sikwambii giaboksi haifi, hapo hofu yako ina haki, ila ile ya majaribio ilipita saa 200 angani ikastaafishwa 2021.

Mwana_Likoni:
Na huyo wa bei rahisi tulishamwona zamani. 1965 kampuni ya Hughes ilishinda tenda ya chopa ndogo ya upelelezi kwa bei ya hasara kabisa, alipotaka kupandisha jeshi likafungua tenda upya, 1968 Bell akabeba. Ukoo wa chopa hiyo ya Hughes ndio zile Hughes 500 za jeshi letu hapa Kenya, chopa safi, mahesabu ndio yalimuua.

kipanga_mzee:
Mnambishania aliyeshinda, mie nawahurumia wa ile tenda nyingine ya chopa ya upelelezi, Raider X ya Sikorsky na Invictus ya Bell. Wamejenga, wanasubiri injini imechelewa, Februari 2024 jeshi likafuta yote, karibu dola bilioni 2 zishaenda, eti Ukraine imewaonyesha droni na satelaiti zinatosha. Comanche, chopa nyingine ya upelelezi ya zamani, nayo hivyohivyo, ilifutwa 2004 karibu bilioni 7 na zilizoruka ni mbili tu.

mtoto_wa_ukonga:
Duh, bilioni 7 chopa mbili! Nimewaelewa wakuu. Sasa hii ya Bell nasikia wameipa jina la MV-75, kikosi gani kinaanza nayo?

fundi_wa_anga:
Divisheni ya 101, wale wa kambi ya Fort Campbell. Kama nayo haijafutwa 😂