Naombeni ushauri: nyumba ya urithi, na wakili ni wa muuzaji

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi na mume wangu tumepata nyumba ya vyumba vitatu huku Barani, Malindi, ina kisima na mwembe uani. Tumeipenda mno. Hofu yangu iko kwenye karatasi.

Muuzaji ni kaka mkubwa wa ndugu watano, na hati bado ina jina la marehemu baba yao. Asema wenziwe wote wameridhia na mirathi iko kwa Kadhi, yaenda vizuri. Lakini ataka asilimia 10 ya bei wiki hii, mkononi, kabla ya mkataba. Moyo wangu wakataa. Je, kuna njia ya kulipa chochote sasa bila kujitia hatarini?

Tena ametwambia tutumie wakili wake, gharama tugawane. Mimi naona anayemtetea yeye hawezi kunitetea mimi pia. Mume wangu aona ni kuongeza matumizi, na ushuru wa stempu, ule wa serikali wa kuhamisha umiliki, kwa mjini ni asilimia 4 tayari. Mliowahi kununua, wakili wenu mlimpataje, na mlimuuliza nini kabla ya kumlipa?

Jingine: shangazi yangu aliuziwa nyumba bila ardhi, hadi leo alipa kodi ya kiwanja. Nataka kufanya sachi ofisi ya ardhi, yaani kukagua rekodi za hati. Yatosha, au nilete na sorveya (mpima ardhi) aangalie mipaka?

Jumamosi twatakiwa kutoa jibu. Tafadhali nisaidieni.